Uhalisia jukwaani: mfalme alipotoka, deni likaingia

#1 Kabwela_Jukwaani (mleta mada)

Wakuu salaam. Kuna mjadala humu wadau walikuwa wanasema tamthilia za uhalisia zinachosha: watu wako sebuleni, wanakunywa, wanaongea, pazia linafungwa, hakuna aliyechomwa upanga. Nilianza kujibu kule kule, maneno yakawa mengi, nikaona heri nifungue uzi.

Msimamo wangu: ndani ya sebule ile mambo yanatokea tena kwa kasi, ila tunayakosa kwa sababu tunatafuta upanga. Tafuteni hela. Kwa karne nyingi mtu wa jukwaani aliangamizwa na miungu, laana ya ukoo au njama za ikulu. Uhalisia ulipokomaa, nusu ya pili ya karne ya 19, wote hao walifungashiwa virago na kiti chao kikakaliwa na mkopo, rehani, mirathi, mshahara na karatasi yenye saini. Maisha ya kila siku yalipanda jukwaani yakiwa na daftari la hesabu kwapani.

Chukueni Et dukkehjem (Nyumba ya Mwanasesere) ya Henrik Ibsen, mtunzi wa Norway, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Pazia linafunguka, mwanamke anaingia na vifurushi vya Krismasi, nyuma yake mchukuzi kabeba mti. Anamuuliza ni kiasi gani. Øre hamsini. Anampa krone nzima, yaani mara mbili ya bei, na kumwambia abaki na chenji. Hujajua nani mwema nani mbaya, lakini mkono unavyotoa hela umeshauona. Punde mume anachungulia kutoka chumba chake cha kazi, na mazungumzo yao ya kwanza yote ni matumizi. Yeye ni mtu wa "hatukopi". Tena ndiyo kwanza kateuliwa kuwa meneja wa benki.

Asichojua ni kwamba miaka kadhaa nyuma, alipougua na kuambiwa aende akakae kusini, mkewe Nora alikopa spesidaler 1,200 za kumpeleka Italia. Nora anaitaja na kwa hela mpya, krone 4,800, kwa sababu Norway ilikuwa imebadili sarafu muda si mrefu. Mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mume, kwa hiyo ilihitajika saini ya baba yake kama mdhamini. Baba alikuwa mahututi. Nora akaona ya nini kumsumbua mgonjwa, akaiweka saini yeye mwenyewe.

Na hapo ndipo Ibsen anapofanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mlango maarufu wa mwishoni, ule Nora anaoubamiza akimwacha mume. Krogstad, aliyemkopesha, hamfuati na bastola. Anamfuata na tarehe. Mzee alifariki 29 Septemba, saini yake imeandikwa 2 Oktoba. Marehemu kasaini siku ya tatu baada ya kufa. Katika tanzia za Wagiriki mtu alibanwa na utabiri wa kuhani. Huyu kabanwa na tarehe kwenye hati ya mkopo, na yeyote aliyewahi kujaza fomu anaielewa hofu ile bila kufundishwa.

Kumbukeni pia kwamba Nora hajakimbia deni lake. Analipa kidogo kidogo miaka yote hiyo. Wanasema dawa ya deni kulipa; yeye dawa anainywa kila mwezi na bado ugonjwa unamfuata.

Naendelea chini, nipeni nafasi.

#2 Mpiga_Chabo

Nimewahi siti ya mbele. Shusha nondo mkuu.

#3 Kabwela_Jukwaani

Kabla ya hapo ilikuwaje? Kulikuwa na mgawanyo wa kitabaka wa machozi. Tanzia ilikuwa ya wafalme na watukufu. Mtu wa kawaida akipanda jukwaani alipandishwa achekwe. Ndiyo maana hela yenyewe ilikuwa mali ya vichekesho: mtazameni yule bahili wa Molière wa 1668, anayelilia kasha lake la dhahabu ukumbi mzima ukivunjika mbavu. Kulia kwa sababu ya hela kulihesabiwa kichekesho.

Waliojaribu kuuvunja ukuta huo walikuwepo mapema. George Lillo, London, 1731, aliandika tanzia ambayo mhusika mkuu ni mfanyakazi mwanagenzi wa mfanyabiashara. Lessing akafuata Ujerumani mwaka 1755 na familia ya kawaida. Diderot, Ufaransa, 1758, akawaambia waandishi na waigizaji wajifanye kuna ukuta mkubwa ukingoni mwa jukwaa unaowatenga na watazamaji. Ndiyo mbegu ya kile tunachokiita ukuta wa nne.

Wa kunishangaza zaidi ni Georg Büchner. Alikufa mwaka 1837 akiwa na miaka 23, akaacha Woyzeck haijakamilika. Askari wa chini kabisa. Anamnyoa kapteni wake kwa ujira mdogo, na kwa ujira mwingine mdogo amemkodishia daktari mwili wake afanyiwe majaribio: anakula njegere tu, siku zote, daktari anapima mkojo. Hela anampelekea mwanamke wake na mtoto. Akili inaanza kumpotea, na hatujui kinachomla ni wivu, ni umaskini au ni njegere. Tamthilia hiyo haikupanda jukwaani hadi 1913. Miaka zaidi ya 70 ilikaa ikiisubiri dunia.

Sasa Chekhov, yule mtunzi Mrusi, ambaye ndiye mnamsingizia kwamba "hakuna kinachotokea". Bustani ya Micheri, Moscow, Januari 1904. Katika sehemu ya kwanza kabisa tunaambiwa shamba linapigwa mnada tarehe 22 Agosti kwa sababu ya madeni. Tarehe imetajwa, saa imeanza kugonga. Na wenye shamba wanafanya nini? Wanazungumzia kabati la vitabu limetimiza miaka mia. Shangazi tajiri anatuma rubo 15,000, ambazo hata riba hazilipi. Siku ya mnada nyumbani wamealika wapiga muziki! Mnunuzi anakuja kuwa Lopakhin, ambaye baba na babu yake walikuwa watumwa wa shamba hilo hilo. Ameongeza rubo 90,000 juu ya deni.

Babu yake Chekhov mwenyewe alikuwa mtumwa wa shamba aliyejikomboa kwa fedha. Baba yake akafilisika mwaka 1876 pale Taganrog, akatorokea Moscow, na nyumba yao ikaishia mikononi mwa mtu aliyekuwa mpangaji wao na rafiki wa familia. Mtu wa namna hiyo akiandika mnada hana haja ya kuutoa kichwani.

#4 FundiTaa

Mkuu Kabwela umeanza vizuri, ila mnaosoma vitabu mna tabia ya kusahau mbao na misumari. Mimi ni fundi wa jukwaa, nadharia siziwezi, acha niseme upande wangu.

Sebule hiyo unayoisifia isingewezekana bila mafundi. Zamani chumba cha jukwaani kilikuwa vitambaa vilivyochorwa, vimening'inizwa nyuma na kupangwa pembeni. Viti vingine vilikuwa vya rangi tu, vimechorwa ukutani. Mwigizaji alisimama mbele kabisa kwa sababu huko ndiko mwanga uliko: mishumaa, baadaye mafuta, vimepangwa sakafuni ukingoni. Ukirudi nyuma hatua chache umekuwa kivuli. Mtu hawezi kukaa kimya pembeni akisoma barua katika hali hiyo, maana hakuna atakayemwona.

Gesi ikaingia katika kumbi za London kuanzia 1817. Miaka ya 1830 Madame Vestris, mwigizaji na meneja wa ukumbi, akaanza kutumia chumba chenye kuta tatu zilizofungana. Kufika miaka ya 1860 mtunzi Tom Robertson alikuwa anadai milango yenye vitasa vinavyozunguka kweli, na waigizaji wake wanakunywa chai wakiongea kama watu. Wakosoaji wakaziita tamthilia za kikombe na kisahani. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy ukawashwa umeme. Mwanga ukasambaa jukwaa zima na ghafla kila kilichochorwa kikaonekana kimechorwa. Kwa maoni yangu taa ya umeme imemuua mchoraji wa sufuria za ukutani kabla mtunzi yeyote hajamgusa.

Na mlango. Nimeshatengeneza milango ya jukwaani mingi. Ukuta wa jukwaani ni fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa. Ukifunga mlango kwa hasira, ukuta mzima unatetemeka, picha inacheza kwenye msumari, watazamaji wanacheka palepale kwenye huzuni. Strindberg, mtunzi wa Sweden, alilalamikia jambo hili hili kwenye dibaji ya tamthilia yake Fröken Julie mwaka 1888: baba kakasirika chakula kibaya, anatoka anabamiza mlango, na nyumba nzima inayumba. Alilalamika na sufuria za kuchora vilevile. Dawa yake ni kuisimamisha fremu ya mlango peke yake, isiushike ukuta, nyuma uiegemezee mihimili na mifuko ya mchanga. Kazi ya saa nyingi ili mtu afunge mlango mara moja.

Ule mlango wa Nora mnaousema kila siku hauonekani jukwaani, eti. Ni mlango wa chini, wa barabarani, unasikika tu. Kwa hiyo unatengeneza mlango mwingine mzito nyuma ya pazia, una komeo la kweli, na kuna mtu kazi yake usiku kucha ni kuubamiza mara moja. Akichelewa sekunde mbili, tamthilia imekwisha bila mwisho.

#5 Mpiga_Chabo

Hahaha, huyo mbamizaji ndiye mhusika mkuu.

#6 Kabwela_Jukwaani

FundiTaa umenikumbusha André Antoine, mtu wa gesi kikwelikweli. Alikuwa karani wa kampuni ya gesi Paris. Machi 1887 akaanzisha Théâtre Libre akiwa na hela za mshahara wake, na samani za onyesho la kwanza alizikokota kwa mkokoteni kutoka kwa mama yake. Mwaka uliofuata akatundika vipande vya nyama ya kweli jukwaani katika igizo la wachinjaji. Kilichowakera zaidi baadhi ya watu ni kwamba alikuwa anawapa watazamaji mgongo anapoongea. Kwetu ni kitu kidogo. Enzi hizo ilikuwa ni kama kuwaambia: hapa ni nyumbani kwangu, ninyi mmechungulia tu.

Angalieni pia kwamba jumba la uhalisia wa Paris lilianza kwa mshahara wa karani na meza ya mama. Hela tena.

#7 Ngongoti

Mleta mada, uzi mtamu lakini umeuza mbuzi kwenye gunia. Deni halikuanza na Ibsen. Mfanyabiashara wa Venice wa Shakespeare ana mkopo wa dukati 3,000, una hati, una tarehe ya mwisho, una mahakama. Karibu miaka 300 kabla ya Nora wako. Sasa jipya ni lipi?

Pili, huo "ukweli" una uongo mwingi. Watu halisi hawaongei kwa zamu, wala barua haiingii kwenye sanduku dakika ile ile inayohitajika. Ibsen alifanya kazi jukwaani ujanani akipandisha michezo ya Scribe na wenzake, Wafaransa wa mitego na barua zinazopotea. Mitego ile hakuitupa, aliivalisha makoti ya kila siku.

#8 Kabwela_Jukwaani

Ngongoti, la pili siibishii. Sanduku la barua la Helmer, mume wa Nora, ni mtego wa Scribe mtupu, limewekwa kufuli na ufunguo anao yeye. Lakini tofauti iko wapi unapofika mwisho? Kwa Scribe barua ikishasomwa na hatari kupita, watu wanapumua, wanaoana. Kwa Ibsen hati inarudishwa, hatari imekwisha, Helmer anashangilia kwamba ameokoka, na hapo ndipo ndoa inapovunjika. Ametumia mtego wa zamani kisha akauachia wazi ili tuone nani alikuwa ndani.

La kwanza: deni la Venice ni la ngano. Dhamana yake ni ratili ya nyama ya mtu. Hakuna anayelipa kwa mafungu, hakuna anayejinyima nguo ili alipe, na linafutwa kwa ujanja wa maneno mahakamani, kisha meli zilizodhaniwa zimezama zinarudi salama. Mkopo wa Nora hauna meli. Una riba na tarehe za malipo, na una usiku wa kunakili maandishi ya watu kwa ujira akiwa amejifungia chumbani, mume akidhani anatengeneza mapambo ya Krismasi. Jipya ni hilo: kazi ya kulipa ndiyo iliyopanda jukwaani.

#9 Bi_Maleba

Habari zenu kaka zangu. Mmeongea mbao, mmeongea hati, nguo hamjazigusa.

Nora anasimulia mwenyewe kwamba kila akipewa hela ya nguo, hakutumia zaidi ya nusu. Alinunua vitu rahisi kabisa. Halafu anaongeza kwamba bahati nzuri kila kitu kinamkaa, kwa hiyo mume hakugundua. Kwa mtu wa maleba hiyo ni kazi ngumu sana: gauni la bei rahisi linalopendeza, ambalo mtazamaji akikumbuka baadaye aone lilikuwa rahisi. Mara nyingi naona wanamvalisha hariri, basi deni lote limeshapotea, maana huyo mwanamke wa hariri hana shida.

Na sehemu ya tatu, ametoka kucheza dansi, kavaa vazi la kigeni la sherehe alilochaguliwa na mume. Baada ya barua anaingia chumbani, mume anadhani anakwenda kulala. Anarudi amevaa nguo za kila siku. Mume anauliza, mbona umebadilisha? Kwangu mimi tamthilia inageukia pale, kabla hawajakaa mezani kuongea. Uhalisia mnaouzungumzia, "maisha ya kila siku", umeingia jukwaani kwa maana halisi, mtu kavua maleba mbele yetu.

Halafu msisahau kwamba mwisho ule uliwashinda hata waigizaji. Ujerumani mwaka 1880 Hedwig Niemann-Raabe, nyota mkubwa, alikataa kuucheza: yeye asingewaacha watoto wake. Sheria za hakimiliki za wakati huo hazikumlinda Ibsen, kwa hiyo akaona ni afadhali auharibu mwenyewe kuliko kuharibiwa na mwingine. Akaandika mwisho ambapo Nora anaburutwa hadi mlango wa chumba cha watoto, anawaona wamelala, anaporomoka chini, pazia. Ibsen mwenyewe aliuita unyama kwa tamthilia yake. Haukudumu.

Na kuna mtu wa kweli nyuma ya hadithi hii. Laura Kieler, mwandishi, alikuwa rafiki wa akina Ibsen. Alikopa kwa siri ili mume mgonjwa apelekwe kusini, mume akapona, siri ikafichuka. Yeye hakupata nafasi ya kubamiza mlango: mume alimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye alirudi nyumbani. Sijawahi kumsamehe Ibsen kabisa kwa hilo, alichukua maisha ya mwenzake yakiwa bado ya moto.

#10 Ngongoti

Bi_Maleba heshima yako dada, hiyo ya nguo za kila siku nimeichukua.

Ila nina donge jingine. Uhalisia ni sanaa ya watu wa sebule. Mwenye sebule analia, mtumishi anapitisha sinia. Nora ana yaya, ana mtumishi wa ndani, yote hayo na bado tunamwonea huruma kwa krone 4,800. Walalahoi wako wapi?

Na kunakili kunafika mahali kunaua sanaa. Stanislavski, mwongozaji wa tamthilia za Chekhov kule Moscow, alijaza sauti za vyura, mbwa na nyenje nyuma ya pazia mpaka Chekhov mwenyewe akachoka akawa anawatania. Meyerhold, mmoja wa waigizaji wake, anasimulia Chekhov alivyowaambia waigizaji wa Moscow mwaka 1898: chukueni picha iliyochorwa vizuri ya mtu, mkate pua ya kuchora, mpachike pua halisi. Pua ni ya kweli, picha imeharibika.

#11 Kabwela_Jukwaani

Hiyo ya pua ni jibu kwa nyama za Antoine pia, nakubaliana nayo. David Belasco, New York, 1912, alijenga jukwaani mgahawa mzima ukiiga mgahawa uliokuwepo mjini, chakula kinapikwa kweli. Watu walikwenda kushangaa chakula. Tamthilia yenyewe leo nani anaisoma?

Ila walalahoi wapo, mkuu. Fungua Die Weber (Wafumaji) ya Gerhart Hauptmann, 1892, juu ya maasi ya wafumaji wa Silesia mwaka 1844. Babu yake mwenyewe alikuwa mfumaji. Sehemu ya kwanza ni chumba cha kupokelea kazi kwa mwenye mali. Wafumaji wamepanga foleni na vitambaa walivyofuma nyumbani. Msimamizi anakipima kitambaa, anakikagua, anatafuta kasoro, anakata hela. Mmoja anaomba malipo ya mbele, anakataliwa. Mtoto anazimia kwa njaa kwenye foleni. Hakuna mhusika mkuu mmoja. Kila sehemu inakuja na watu wengine, na kundi ndilo shujaa.

Polisi wa Berlin waliipiga marufuku. Ikaonyeshwa mwaka 1893 na chama cha Freie Bühne, kwa wanachama tu, njia iliyotumika kukwepa wadhibiti. Kesi ikafika mahakama ya juu ya utawala ya Prussia, na mahakama ikairuhusu katika ukumbi wa Deutsches Theater, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba tiketi za ukumbi ule ni ghali mno kwa wafanyakazi! Yaani igizo la watu wasiolipwa likaonekana salama kwa sababu wasiolipwa hawataweza kulipa kiingilio. Mfalme wa Ujerumani Wilhelm II kwa hasira akaacha kulipia sehemu yake ya kifalme ya kukaa katika ukumbi ule.

Ngongoti, hoja yako ya sebule nadhani iende kwa waliokuwa wanauza tiketi.

#12 Mgeni_Mlangoni

Samahanini wakuu, mimi mgeni wa mambo haya. Uhalisia na uasilia ni kitu kimoja? Na mtu aanze na ipi?

#13 Kabwela_Jukwaani

Karibu sana. Ni ndugu wa damu. Uasilia, wa akina Zola, ni uhalisia uliochukua koti la maabara: mtu ni zao la damu aliyorithi na mazingira aliyokulia, mtunzi anamwangalia kama daktari. Zola aligeuza riwaya yake Thérèse Raquin kuwa tamthilia mwaka 1873 kwa nia hiyo. Woyzeck na Wafumaji ziko upande huo zaidi. Chekhov yuko mbali nao.

Wengi wangekuambia uanze na Nora. Mimi ningekutuma kwa Gengangere (Mizuka) ya Ibsen, 1881, kwa sababu ni fupi, ya watu watano, na inauma. Kumbi kubwa za kwao ziliiogopa, ikaanzia Chicago mwaka 1882 kwa wahamiaji wa Skandinavia. London ilionyeshwa faraghani 1891 na gazeti moja likaiita mfereji wa maji machafu usiofunikwa. Wote wanaisema kwa ajili ya ugonjwa ambao kijana amerithi kwa baba. Wewe soma hesabu. Mjane, Bi Alving, anajenga nyumba ya yatima kwa kumbukumbu ya mume. Amepiga hesabu na kuweka pembeni kiasi kile kile cha mali kilichomfanya mume aonekane mchumba mzuri wakati ule; anakitoa chote, asimrithishe mwanawe hata senti ya yule baba. Mchungaji anamshauri jengo lisikatiwe bima, watu wasije wakasema hawana imani na Mungu. Jengo linaungua. Bima, mirathi, bei ya bwana harusi: vyote katika nyumba ambayo mvua inanyesha nje siku nzima.

#14 Sura_ya_Tatu

Naongezea za Marekani maana uzi umeganda Ulaya. Death of a Salesman ya Arthur Miller, 1949. Willy Loman karudi safari, anamwambia mkewe ameuza mia tano mji mmoja na mia saba mwingine. Linda anachukua kalamu, anapiga kamisheni: dola 212. Furaha! Kisha Willy anaanza kuteremsha. Kumbe mia mbili tu kwa safari nzima. Kamisheni imekuwa dola 70 na senti. Linda hamgombezi, anaendelea kusoma orodha ya wanachodaiwa: jokofu, mashine ya kufulia, paa, fundi wa gari. Kama dola 120 kufikia tarehe 15. Ukurasa mmoja, penseli moja, na umeshamjua mwanaume mzima. Anakuja kujiua akitegemea bima ya dola 20,000, na mke anasimama kaburini akisema leo ndiyo amemaliza malipo ya mwisho ya nyumba.

Miaka kumi baadaye, 1959, Lorraine Hansberry na A Raisin in the Sun, tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kufika Broadway. Tena bima, dola 10,000 za baba aliyefariki. Mama analipa 3,500 za kuanzia nyumba katika mtaa wa wazungu. 6,500 anampa mwanawe, naye anatapeliwa. Anakuja mjumbe wa mtaa mwenye adabu zote na bei mkononi, wawarudishie hela yao wasihamie. Baba yake Hansberry alinunua nyumba katika mtaa wa namna hiyo Chicago, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1940.

#15 Ngongoti

Sawa, naona mmenizingira. Swali la mwisho. Shakwe ya Chekhov iko wapi kwenye daftari lenu? Ile ni mapenzi na sanaa. Na Fröken Julie? Binti wa kabaila kalala na mtumishi wa baba yake. Hati ya mkopo iko wapi hapo?

#16 Kabwela_Jukwaani

Shakwe: fungua ukurasa wa kwanza. Mwalimu Medvedenko anamwambia Masha yeye analipwa rubo 23 kwa mwezi, na bado wanamkata za akiba ya uzeeni. Masha anavaa nyeusi kwa huzuni ya mapenzi. Mwalimu haelewi, kwa sababu yeye huzuni anaijua kwa tarakimu. Baadaye Arkadina, mwigizaji, anasihiwa na kaka yake ampe mwanawe Konstantin hela kidogo, walau anunue nguo, maana anavaa koti moja miaka mitatu. Arkadina anasema hana hela, na akibanwa anaeleza kwamba maleba yake tu yanamfilisi. Kijana huyo ni mtunzi asiye na koti la kubadilisha.

Julie ni kweli haina hati. Wanaiba hela za baba ili watoroke, lakini hela si injini. Mimi huwa natazama vitu viwili tu mle jikoni: buti za bwana, na kengele yake. Bwana mwenyewe haonekani hata mara moja. Jean, mtumishi, amelala na binti wa bwana, amempangia maisha ya kumiliki hoteli, amemtukana. Kengele inalia, anarudia "ndiyo bwana" na kuulizia buti na kahawa.

#17 FundiTaa

Na hizo buti lazima ziwe buti za kweli, zenye uzito. Mwongozaji mmoja aliwahi kuniambia nitengeneze za boksi. Nilimkatalia.

#18 Ngongoti

Basi Julie ni ajira, si deni. Nakuachia moja mkuu, moja tu.